Kinanda kimechomekwa, kompyuta kimya: nianzie wapi kutengeneza muziki nyumbani?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nina kompyuta mpakato ya Windows yenye RAM ya GB 8, na kinanda cha vitufe 61 alichoniachia kaka yangu. Nilikichomeka kwa waya wa USB, nikabonyeza, kompyuta ikawa kimya. Baadaye nilipata sauti kwenye programu moja, lakini ilikuwa inatoka wakati kidole kimeshainuka. Nota sijui kusoma. Je, ninunue kadi ya sauti, kinanda kipya au programu ya kulipia?"

Marahaba. Kwa sasa usinunue chochote. Hivyo viwili ulivyonavyo vinatosha kutengeneza wimbo mzima, na matatizo yako yote mawili, la ukimya na la sauti kuchelewa, yanatatuliwa kwenye mipangilio bila kutoa hela. Ila ili yasikurudie kila mara, ni lazima kwanza uelewe kinachopita ndani ya ule waya.

Sauti haipiti pale. Yanapita maagizo tu: kitufe namba fulani kimebonyezwa, kimebonyezwa kwa nguvu kiasi fulani, sasa kimeachiwa. Lugha ya maagizo hayo inaitwa MIDI. Ilitoka mwaka 1983, pale makampuni yaliyokuwa yakishindana yalipokubali kwamba sintesaiza zao, yaani ala za kielektroniki zinazounda sauti, zielewane. Ikutaro Kakehashi wa Roland na Dave Smith wa Sequential Circuits walikuwa mstari wa mbele katika jambo hilo, na mwaka 2013 wakapewa tuzo ya Grammy ya ufundi. Kila nota ina namba yake kati ya 0 na 127. Do ya katikati ni 60. La iliyo juu yake, ile ya hezi 440 ambayo wanamuziki huitumia kupatanisha ala, ni 69. Nguvu ya mguso nayo hupimwa kwa namba, mpaka 127. Kwa kompyuta, basi, kinanda chako ni mwongoza kwaya: mkono wake unaonyesha nani aimbe, lini, na kwa nguvu gani, lakini yeye mwenyewe haimbi. Waimbaji unatakiwa kuwaweka wewe ndani ya kompyuta.

Kwa hiyo kinanda chako hakikuwa kibovu. Agizo lilifika likakosa wa kulipokea. Fungua programu ya muziki, ingia kwenye mipangilio yake ya MIDI, tafuta jina la kinanda chako kwenye orodha na ukiruhusu kuingiza maagizo. Rudi, tengeneza traki moja, yaani mstari wa kurekodia ala moja, weka juu yake ala yoyote, tuseme piano, kisha bonyeza kile kitufe chekundu cha traki kinachoiandaa kurekodi. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi. Programu nyingi hazipeleki maagizo kwenye traki ambayo haijaandaliwa, kwa hiyo unaweza kuwa na ala, waya na mipangilio sahihi, na bado usisikie kitu. Ukibonyeza kinanda, angalia kipimo kilicho pembeni ya traki. Kipimo kikicheza bila sauti, tatizo liko kwenye spika au njia ya kutokea sauti. Kisipocheza, tatizo liko upande wa kinanda. Kwa kutenganisha pande hizo mbili utajiokoa na usiku mwingi wa kubahatisha.

Kwa kuwa kinanda chako ni cha nyumbani, chenye sauti zake ndani, utakutana na jambo jingine: utasikia sauti mbili kwa pamoja, ya kinanda chenyewe na ya kompyuta. Dawa rahisi ni kushusha volumu ya kinanda mpaka mwisho. Ipo pia sehemu kwenye menyu ya kinanda iliyoandikwa "Local Control". Ukiizima, vitufe vinaacha kupiga sauti za ndani na vinabaki kutuma maagizo tu. Mimi huanza na volumu, kwa sababu mtu akizima ile nyingine na kusahau, siku atakayotaka kukipiga kinanda bila kompyuta ataamini kimekufa. Na ikitokea nota moja inalia bila kukoma hata ukiachia, usitishike: agizo la "kimeachiwa" limepotea njiani. Programu nyingi zina amri ya dharura ya kunyamazisha nota zote. Itafute sasa kabla hujaihitaji.

Tuje kwenye kuchelewa, jambo ninalolipa uzito kuliko yote katika barua yako. Watu wenye masikio mazuri kabisa wameacha muziki kwa sababu yake, bila hata kujua kwamba kosa halikuwa lao. Mkono hujifunza kwa kusikia. Sauti ikichelewa, mkono huanza kukimbilia mbele ili kufidia, au husita kusubiri, na mwanafunzi anaishia kuamini kwamba mapigo hayamo mwilini mwake.

Chanzo ni hiki. Kompyuta hugawa sekunde moja ya sauti katika vipande 44,100. Haivitoi kimoja kimoja. Inavikusanya kwanza kwenye hifadhi ndogo iitwayo bafa, ikijaa ndipo inalisukuma fungu zima kwenye spika. Bafa ya vipande 1,024 inakula milisekunde 23. Ya 512 inakula karibu 12, ya 256 karibu 6, ya 128 karibu 3. Juu ya hapo weka muda unaopotea kwenye draiva, ile programu ndogo inayounganisha kompyuta na kadi ya sauti. Sasa fikiria kwamba hewani sauti hutumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita moja: mpiga gitaa aliyesimama mita tatu kutoka kwenye spika yake anaishi na ucheleweshaji wa milisekunde 9 kila siku, wala halalamiki. Kwa hiyo lengo lako si sifuri. Jumla ikibaki karibu na 10 utapiga kwa raha. Ikipita 20 vidole vinaanza kuhisi. Wewe unayesikia sauti baada ya kidole kuinuka, nina hakika uko mbali sana juu ya hapo.

Kwenye Windows, njia ya kawaida ya sauti imepangwa kwa ajili ya filamu, simu na nyimbo za kusikiliza, ambako kuchelewa kidogo hakumdhuru mtu. Kwa muziki wa kupigwa kwa mkono inatumika njia nyingine iitwayo ASIO, iliyoletwa na kampuni ya Steinberg. Kadi ya sauti iliyomo ndani ya kompyuta yako kwa kawaida haiji na ASIO yake, kwa hiyo pakua ASIO4ALL, ambayo ni ya bure. Isakinishe, ichague kwenye mipangilio ya sauti ya programu yako, weka bafa 256, kisha piga. Ukisikia mikwaruzo au sauti inakatikakatika, prosesa haikuwahi kumaliza hesabu zake kabla ya fungu kutakiwa. Panda hadi 512. Ikiwa safi, jaribu 128. Funga kivinjari cha intaneti, chomeka chaja, na ondoa hali ya kubana umeme, kwa sababu kompyuta inayobana umeme hupunguza kasi ya prosesa katikati ya wimbo. Anayetumia Mac hana haja ya ASIO. Mfumo wake wa sauti tayari una njia ya haraka, na yeye ataangalia bafa tu.

Bafa si ya kuiweka mara moja na kuisahau. Unaporekodi kwa mkono, ishushe. Unapochanganya sauti baadaye, na traki zimekuwa nyingi, ipandishe hadi 1,024 ili prosesa ipumue, maana hapo hakuna kidole kinachosubiri. Halafu, tafadhali, usirekodi kwa hedfoni za Bluetooth. Zenyewe mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, na hakuna mpangilio wa bafa utakaoliondoa hilo. Hedfoni ya waya, hata ile ya kawaida kabisa, ni bora kwa kazi hii.

Kuhusu programu, sitakupa orodha ndefu. Kwa kompyuta yako ningeanza na Reaper: ni nyepesi, na inakupa siku 60 za kujaribu bila kufungiwa chochote. Ukitaka ya bure moja kwa moja, LMMS inafaa kwa kujenga muziki wa maagizo na biti, ingawa haikutengenezwa kwa kurekodi waimbaji. Mwenye Mac ana GarageBand tayari, na hana sababu ya kutafuta nyingine kwa mwaka wa kwanza. FL Studio inapendwa sana na watengeneza biti, na kwa haki, lakini jua jambo moja kuhusu toleo lake la majaribio: litakuruhusu kuhifadhi kazi, ila halitakuruhusu kuifungua tena mpaka ulipie. Nimeona vijana wakilia kwa hilo. Chagua moja ukae nayo miezi kadhaa. Anayehama kila wiki hujifunza menyu tu.

Ala za kuweka ndani ya programu, yaani plagini, pia zipo za bure na nzuri. Surge XT ni sintesaiza kamili ya bure, na Vital ina toleo lisilolipiwa. Piano na ala nyingine za asili hutengenezwa kwa namna tofauti: mtu amerekodi piano ya kweli kitufe kwa kitufe, tena kila kitufe kwa nguvu kadhaa, na rekodi hizo zote zinapakiwa kwenye RAM. Ndiyo maana piano moja inaweza kula nafasi kuliko sintesaiza kumi. GB 8 zinakutosha ukijizuia na ala chache, na kujizuia huko kuna faida. Chukua nne tu kwa kuanzia: piano, besi, ngoma, na ala moja ya sauti ndefu kama nyuzi. Nimesikiliza kazi nyingi za wanaoanza, na mara nyingi kinachoziua ni ala ishirini zinazogombania nafasi moja.

Sasa tutengeneze kitu. Weka mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, mapigo manne kwa kila hatua, na uchague kurekodi hatua nane. Hizo ni sekunde 21 tu za muziki. Usicheke udogo wake. Ndani yake mna kila utakachokihitaji kwenye wimbo wa dakika nne.

Anza na kodi nne kwenye piano, yaani mafungu manne ya nota zinazopigwa kwa pamoja, vitufe vyeupe peke yake. Do ni kitufe cheupe kilicho kushoto mwa vitufe vyeusi viwili vilivyo pamoja, na re, mi, fa, so, la, ti vinafuata kulia. Bonyeza do, mi, so kwa pamoja, ukianzia do ya katikati. Shikilia mapigo manne. Sasa acha do na mi zilipo, hamisha kidole cha so tu kwenda la. Umeshabadilisha kodi: hiyo ni kodi ya la ndogo (la maina). Shikilia mapigo manne. Acha do na la, hamisha mi kwenda fa. Hiyo ni kodi ya fa. Ya mwisho, vidole vyote vitatu vinashuka: do kwenda ti, fa kwenda re, la kwenda so. Hiyo ni kodi ya so, nayo inakuvuta urudi mwanzo. Rudia mzunguko huo mara mbili ujaze hatua nane. Kitabu kinaweza kukufundisha kila kodi kwa kuruka na mkono mzima kwenda mahali papya, na si kosa, lakini sikiliza tofauti: vidole visipohama bila sababu, muziki unasikika umeunganika, na wewe unapumzika.

Kama 90 ni haraka kwako, shusha mwendo hadi 60, rekodi polepole, kisha urudishe 90. Kwa kuwa kilichorekodiwa ni maagizo, sauti haitabadilika rangi wala kupanda. Kodi zako zitakuja tu kwa mwendo mpya. Wapo watakaokwambia huo ni udanganyifu. Usiwasikilize. Umepiga mwenyewe, na kesho utaweza kwa 70.

Ongeza traki ya besi. Mkono mmoja, nota moja kwa kila hatua, oktavi mbili chini (oktavi moja ni umbali wa kutoka do hadi do inayofuata): do, la, fa, so. Kisha ngoma. Katika mpangilio unaotumiwa na seti nyingi za ngoma, uliowekwa mwaka 1991, nota 36 ni ngoma kubwa ya mguu, 38 ni sneya (ngoma yenye mlio mkali), na 42 ni matoazi ya mguu yakiwa yamefungwa. Usijaribu kuzipiga zote kwa mkupuo. Rekodi ngoma kubwa kwenye pigo la kwanza na la tatu. Acha hatua zijizungushe, ongeza sneya kwenye la pili na la nne. Mzunguko mwingine, matoazi mawili kwa kila pigo.

Ukifungua ulichorekodi utaona gridi: nota zikiwa vijibao vyembamba, juu ni sauti ya juu, chini ni ya chini, na muda unakwenda kulia. Nota iliyokosewa unaikamata na kuisogeza. Hapa utakuta pia amri ya kunyoosha, inayosukuma kila nota hadi kwenye mstari wake. Ni chombo kizuri kinachotumiwa vibaya. Ukinyoosha kila kitu kwa asilimia 100, ngoma zitakaa sawa lakini muziki utakakamaa. Programu nyingi hukuruhusu kunyoosha kwa sehemu. Jaribu asilimia 60: nota iliyochelewa sana inarudi karibu na mstari, iliyochelewa kidogo inabaki na mwili wake. Nyoosha ngoma kubwa na besi zaidi, piano kidogo, na nyuzi usiziguse kabisa.

Kisha angalia nguvu za mguso, zile nguzo ndogo chini ya gridi. Chukua matoazi. Yakiwa yote yamesimama kwenye 100, yatasikika kama mashine ya kuchapa. Yale yanayoangukia kwenye pigo yaweke karibu na 95, yale ya katikati 65, na hapa na pale moja liwe 75. Rudia kusikiliza. Hujaongeza ala yoyote, hujanunua plagini yoyote, lakini muziki umeanza kutembea. Tumia nusu saa nzima hapo. Mwanafunzi akishasikia tofauti hiyo kwa masikio yake, sijawahi kuhitaji kumfundisha mara ya pili.

Swali lako la kusoma nota nalijibu kwa ufupi: huhitaji ili kuanza. Gridi itakuonyesha yote. Ila jifunze kuhesabu mapigo kwa sauti, na ujue do, re, mi kwa sikio, kwa sababu mtu anayeweza kuimba kile anachotaka kukipiga hukipata kwenye vitufe mapema kuliko anayetafuta kwa macho.

Kadi ya sauti ya nje utaihitaji siku utakapotaka kurekodi mwimbaji au gitaa. Siku hiyo tafuta yenye draiva yake ya ASIO, matundu mawili ya kuingiza, na umeme wa volti 48 kwa ajili ya maikrofoni za kondensa. Kinanda chako kitaendelea kuchomekwa kwenye kompyuta moja kwa moja.

Hatua nane zikikaa vizuri, zitoe nje kama faili, hata kama unaona hazijakamilika. Kabla ya hapo shusha traki zote ili kipimo kikuu, kwenye sehemu zenye kishindo, kiishie karibu na desibeli 6 chini ya sifuri. Kisiguse nyekundu hata mara moja, kwa maana sauti iliyokatwa kichwa haiponi. Hifadhi WAV kwa ajili yako, na MP3 kwa ajili ya kuwatumia watu. Isikilize kwenye spika ya simu. Besi itakuwa imepotea, maana spika ndogo hiyo haina uwezo wa kutoa sauti za chini. Usiipandishe volumu. Nakili nota za besi, zipandishe oktavi moja, zichanganye kwa mbali na zile za mwanzo. Simu itaanza kuisikia.

Sasa ununuzi. Kabla ya kufikiria kinanda kipya, kipime ulichonacho: rekodi nota moja kwa mguso wa unyoya, nyingine kwa nguvu zote, kisha linganisha nguzo zao. Zikitofautiana, kinanda chako kinahisi mguso na kinakufaa kwa miaka. Zikiwa sawa sawa, hakihisi, na hapo ndipo ninapoona sababu halali ya kutafuta kingine. Vitufe 49 au 61 vinatosha; vya 88 vyenye uzito wa piano ni kwa anayetaka kuwa mpiga piano. Kwa hela kidogo, ningeanza na pedali ya kushikilia sauti, kama kinanda chako kina tundu lake nyuma. Ukiichomeka, washa kinanda bila kuikanyaga: vinanda vingi hupima pedali wakati wa kuwaka, na mguu ukiwa juu yake itafanya kazi kinyume, sauti zikishikwa unapoinua na kukatika unapokanyaga. Ikitokea hivyo, zima, inua mguu, washa tena.